Mafiga Matatu ya Enterprise: Urafiki na Mapenzi katika Tamthilia ya Televisheni

Miongoni mwa kasoro zinazojitokeza mara kwa mara katika uhakiki wa tamthilia ni ile ya kuyafanya mapenzi kuwa mhimili wa kila kazi. Mhakiki akishawaona mwanamume na mwanamke wakitazamana, hudhani amekwisha kukipata kiini cha hadithi, na wahusika waliosalia huwahesabu kuwa wasindikizaji tu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba zipo kazi ambazo mizani yake haikai juu ya wapenzi wawili, bali juu ya watu watatu. Mfano utakaotumiwa ni Star Trek, mfululizo uliobuniwa na Gene Roddenberry na kuonyeshwa na shirika la NBC la Marekani tangu 1966 hadi 1969, katika sehemu 79.

Watatu hao ni Kirk, nahodha wa chombo cha angani kiitwacho Enterprise; Spock, naibu wake, ambaye baba yake ni wa sayari ya Vulcan na mama yake ni binadamu; na McCoy, tabibu wa chombo. Aghalabu husemwa kwamba Spock ni akili, McCoy ni moyo, na Kirk ni utashi. Maelezo hayo si ya uongo, lakini hayatoshi, kwani yanamchukua kila mhusika peke yake kama kwamba ni kielelezo kilichotundikwa ukutani. Jambo la maana ni lile linalotokea baina yao. Wawili wakibishana peke yao, ubishi huishia kwa mmoja kushinda au kwa wote wawili kuchoka. Akiwapo wa tatu ambaye hana budi kutenda, na ambaye atayabeba matokeo ya tendo lake, ubishi huo hugeuka kuwa shauri. Wahenga walisema kwamba jifya moja haliinjiki chungu. Wangaliweza kuongeza kwamba hata mawili hayainjiki.

Mapenzi, kwa upande wake, yanabanwa na fani yenyewe. Kila sehemu ya mfululizo huu, isipokuwa chache, hujitosheleza kwa kisa chake. Hivyo basi, mwanamke anayependwa na nahodha hana budi kufa, kuondoka au kuachwa kabla ya kisa kwisha, ili wiki ifuatayo chombo kianze safari upya. Mapenzi huleta tukio. Watatu ndio wanaobaki kulipima. Hata watayarishaji walilitambua hilo: mnamo 1967, msimu wa pili ulipoanza, jina la DeForest Kelley, aliyemwigiza McCoy, liliongezwa katika utangulizi pamoja na majina ya William Shatner na Leonard Nimoy.

Yamkini mtu akapinga kwa kuitaja "The City on the Edge of Forever" (1967), ambayo huhesabiwa kuwa kisa kikuu cha mapenzi katika mfululizo mzima. Humo Kirk anampenda Edith Keeler katika mji wa New York wa 1930, kisha anatambua kwamba asipokufa mwanamke huyo, historia itapotoka na Ujerumani itashinda vita. Lakini ni nani anayemfunulia ukweli huo? Ni Spock. Ni nani anayetaka kukimbia kumwokoa, na Kirk akamzuia kwa mikono yake mwenyewe? Ni McCoy. Tena Edith anavuka barabara kwa kustaajabia jinsi marafiki hao watatu wanavyokumbatiana baada ya kupotezana. Mapenzi ni hasara inayopatikana; uzito wa hasara hiyo unajulikana kwa sababu mmoja amesema ni lazima, na mwingine hawezi kuamini kwamba rafiki yake ameiacha itokee.

"Amok Time" (1967) ni ushahidi ulio wazi zaidi, kwa kuwa maudhui yake ni arusi. Spock anarudi kwao kumwoa T'Pring, aliyeposwa kwake tangu utotoni. Desturi inamruhusu kufuatana na marafiki zake wa karibu kabisa, naye anawaomba Kirk na McCoy. Bibi arusi anamkataa na kumlazimisha apigane na Kirk. McCoy anawaokoa wote wawili kwa hila ya dawa inayomfanya Kirk aonekane amekufa. Ndoa inavunjika na Spock anamwacha mchumba bila ya majonzi. Furaha yake inamponyoka usoni pale tu anapomwona nahodha wake yu hai.

Katika "The Tholian Web" (1968) figa moja linaondolewa. Kirk anadhaniwa amekufa, na mara Spock na McCoy wanaumizana kwa maneno. Wasia alioacha nahodha unamtaka kila mmoja amsikilize mwenzake. Mizani inarudi kwa sauti ya asiyekuwapo.

Hata hivyo, hapana budi kukiri upungufu mmoja. Uhura, afisa wa mawasiliano aliyeigizwa na Nichelle Nichols, amepewa jina lililotokana na neno la Kiswahili "uhuru". Lakini shauri linapokatwa, yeye hukaa nje ya duara la wanaume watatu. Busu lake na Kirk katika "Plato's Stepchildren" (1968) limesifiwa sana, ilhali katika kisa chenyewe wawili hao wanalazimishwa na nguvu za wengine. Kuoanishwa na nahodha hakukumpa Uhura sauti katika uamuzi. Lau angalikuwa mmoja wa watatu, angaliipata.

Funzo kwa mhakiki ni kwamba sifa za wahusika zisiorodheshwe mmoja mmoja, wala kazi isipimwe kwa kuuliza nani anampenda nani. Swali lifaalo kutangulizwa ni hili: jambo zito likitokea, ni nani wanaoketi kulikatia shauri, na ni nani hakuitwa?