Tiketi ya Jana

Abiria alikata tiketi kwa simu usiku wa kuamkia Jumanne, saa saba na ushei. Alfajiri alipofika stendi, konda akamwambia tiketi yake ni ya jana. Mwenye basi akampigia simu fundi aliyemtengenezea tovuti, na fundi huyo ni mdogo wangu. "Sawa bosi, naiangalia leo usiku," akasema. Jioni akabandika birika la chai kwanza, na kompyuta hakuigusa mpaka chai ilipochemka.

Nilikuwa kwake Tanga siku hiyo, nikavuta kiti nitazame. Laptopu yake ni ya mtumba, herufi mbili za kibodi zimefutika, na inaendeshwa kwa Debian. Wi-Fi ya ndani haijawahi kumtii, maana waliotengeneza kifaa chake hawakueleza kinavyofanya kazi. Anachomeka kidude cha pembeni, na kikipata joto lazima kipumzishwe. Hayo ndiyo malipo ya msimamo wake. Anatumia programu huria tu. Wateja humwuliza: kama ni za bure, mbona unatutoza? Kiingereza kina neno moja kwa bure na kwa huru, na Richard Stallman, aliyetangaza mradi wa programu huria wa GNU mwaka 1983, amekuwa akilifafanua miaka yote hii. Sisi tuna maneno mawili, na mwenye basi bado aliomba punguzo.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuliona kosa kwa macho. Ana programu ndogo iitwayo faketime, ambayo huidanganya programu nyingine kuhusu saa. Akaiambia tovuti kwamba sasa ni saa nne asubuhi, akakata tiketi ya majaribio: tarehe ya leo. Akaiambia ni saa saba usiku: tarehe ya jana. Akasogeza saa polepole, nusu saa kwa nusu saa, kila mara akikata tiketi na kuandika jibu kwenye kidaftari. Kuanzia saa sita usiku tarehe iliharibika; ilipogonga saa tisa ikapona. "Muda wa saa tatu kamili, kaka," akasema. Afrika Mashariki iko saa tatu mbele ya UTC, saa ya dunia ambayo seva nyingi huifuata. Huko kwenye UTC jana ilikuwa haijaisha.

Ningekuwa mimi, ningeanza kurekebisha papo hapo. Yeye alitaka kujua kwanza kosa liliingia lini, kwa sababu hapo mwanzo tiketi za usiku zilikuwa sawa. Git, chombo alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, hutunza kila badiliko lililowahi kufanywa kwenye kazi. Tovuti ile ilikuwa na mabadiliko zaidi ya mia nne. Hakuyasoma moja moja. Alifanya kama fundi bomba anayefungua bomba katikati: maji yakifika hapo, mvujo uko mbele, yasipofika, uko nyuma. Git ina amri ya kazi hiyo, bisect, na inakuruhusu uchague maneno yako mwenyewe ya kutia alama. Yeye amechagua "zima" na "bovu". Git inamrudisha kwenye tovuti ilivyokuwa siku fulani, anakata tiketi ya saa saba usiku, anatazama tarehe, anaandika zima. Inaruka tena, anajaribu, anaandika bovu. Mia nne zikawa mia mbili, mia mbili zikawa mia.

Hatua ya sita umeme ukaisha. Akanunua LUKU kwa simu, akaenda kwenye mita na tochi mdomoni, akaingiza tarakimu zote ishirini, akarudi. Git ilikuwa inakumbuka walipoishia.

Hatua ya tisa ikamtaja mhusika: yeye mwenyewe, miezi saba nyuma. Na maelezo aliyoyaacha siku ile yalikuwa neno moja, "marekebisho". Aliliangalia muda mrefu kuliko alivyoangalia kitu kingine chochote usiku ule.

Akaifungua faili kwa Vim. Wanaokifahamu kihariri hiki wanajua kwamba kikifunguliwa kitupu huomba msaada kwa watoto wa Uganda. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyekitunga na kukitoa mwaka 1991, alijitolea mwaka mmoja huko Kibaale, kusini mwa Uganda, si mbali na mpaka wetu. Alifariki mwaka 2023, na ombi lake bado lipo. Mdogo wangu akashuka hadi kwenye mstari wenye kosa. Ulikuwa unachukua tarehe kwa amri ya toISOString, ambayo siku zote hujibu kwa UTC. Akaufuta, akaandika mwingine unaotaja majira ya Africa/Dar_es_Salaam. Kabla ya kuuamini akafungua faili ya majira iliyomo ndani ya Debian yenyewe, kwa kuwa hakuna kinachomzuia kuifungua. Humo, kati ya miji mingi, nikaona kwamba Nairobi iliwahi kuwa saa mbili na nusu mbele ya Greenwich, kisha saa mbili na dakika 45, ndipo mwaka 1942 ikatulia kwenye tatu. Aliniacha nisome mpaka niridhike.

Akarudia majaribio yote ya kwenye kidaftari, moja baada ya jingine, pamoja na yale ambayo hayakuwa na kosa tangu mwanzo. Mstari mmoja ulimchukua dakika mbili kuuandika. Maelezo yake yalimchukua robo saa: nini kilikosewa, kwa nini, saa zipi, na jinsi ya kulipima kosa likirudi. Akayasoma kwa sauti ya chini, akatoa neno, akalirudisha.

Ilikuwa imetimia saa saba kasorobo alipoipeleka kazi kwenye seva. Hakulala. Alimimina chai iliyobaki, ikiwa imepoa, akaacha orodha ya tiketi wazi. Saa saba na dakika kumi na mbili abiria mmoja, tusiyemjua, akakata tiketi ya Korogwe. Tarehe ilikuwa ya leo.