Gang of Four Hawakuharibikia EMI

Jina la Gang of Four likitajwa tu, hakosi mtu wa kukumbusha wenzake kwamba hawa jamaa waliokuwa wakiuchambua ubepari walisaini mkataba na EMI, na kwamba miaka mingi baadaye wimbo wao ukatumika kwenye tangazo la Xbox. Basi, kesi imekwisha: wanafiki. Mimi naona kosa lipo, ila tunalitafuta mahali silo.

Bendi ilianzia Leeds, kaskazini mwa Uingereza, mwaka 1976. Jon King mwimbaji, Andy Gill gitaa, Dave Allen besi, Hugo Burnham ngoma. King na Gill walikuwa wanafunzi wa sanaa chuo kikuu, na jina la bendi walilitoa kwa wale wanasiasa wanne wa China walioangushwa baada ya Mao kufa.

Sasa sikiliza albamu yao ya kwanza, Entertainment! ya 1979, na uiweke sauti ya juu. Gitaa la Gill halibembelezi mtu. Linakata, linanyamaza, linarudi na hasira. Alipenda amplifaya za transista, zisizo na ule ujotojoto wa valvu ambao wapiga roki wengi wanauabudu. Mahali ambapo bendi nyingine ingejaza solo, yeye anaacha shimo, na wewe unabaki na besi na ngoma, mabega yakicheza yenyewe. Hakuna chombo kinachombebea mwenzake mizigo. Hakuna bosi. Kwangu mimi, siasa yao ilikaa hapo kabla hata King hajafungua mdomo.

Na akiufungua, hahubiri. Damaged Goods ni wimbo wa mapenzi unaoongea lugha ya dukani. Anayeimba ni mteja kama wewe na mimi: anajua anachezewa, na bado ananunua. Watu wanaoimba hivyo hawakuwahi kudai kwamba wanaishi nje ya soko, kwa hivyo mkataba wa EMI haunishtui.

Tena hawakuwa watu wa kuinama ovyo. Mwaka huohuo wa 1979 walialikwa Top of the Pops, kipindi cha BBC kilichoweza kuitoa bendi kimaisha. At Home He's a Tourist ilikuwa na neno la mtaani la kondomu. Wakakubali kulibadilisha. BBC ikataka libadilishwe tena. Wakaondoka, na wimbo haukuwahi kuingia 40 bora.

Mwaka 1982, Sara Lee akiwa ameshachukua besi ya Allen, walitoa I Love a Man in a Uniform, ngoma ya disko kabisa, yenye waitikiaji wa kike na kejeli kwa mwanamume anayetafuta uanaume jeshini. Wanajeshi wa Uingereza walikuwa wakienda vitani Falklands. BBC ikaacha kuupiga. Huu ndio ushahidi wangu kwamba kuchezesha watu si dhambi. Wimbo ni mtamu, na bado unauma.

Halafu ikaja Hard, 1983. Burnham alikuwa ameshaondoka, na maprodyuza wa Marekani, ndugu Ron na Howard Albert, wakapewa usukani. Yale mashimo yakazibwa. Kila kona ina kitu laini: sauti za kuitikia, mng'aro, gitaa lililofundishwa adabu. Maneno ya King bado yana akili, lakini yamelalia mto, bana. Ukinilazimisha kutaja siku waliyojiuza, nitakutajia albamu hii, wala si karatasi ya EMI. Mwaka uliofuata bendi ikavunjika.

Mall na Shrinkwrapped za miaka ya 90 nazipita haraka, na wewe unaweza kuzipita. Wanne wa kwanza waliporudiana, walirekodi upya nyimbo zao za zamani katika Return the Gift, 2005. Ni nzito zaidi, zimenona, na mimi sizihitaji.

Gill alifariki Februari 2020. Miezi michache baadaye, Run the Jewels walitoa albamu yao ya nne, na ndani ya The Ground Below kuna gitaa la Ether, wimbo wa 1979 kuhusu wafungwa wa Ireland ya Kaskazini. Killer Mike na El-P wanarapu juu yake, na gitaa halijalainika hata kidogo.