Wino Aliuomba Mwenyewe

Katika maandishi yetu ya ukimbizini, insha za bibi na babu ndizo nyingi kuliko zote. Nazisoma kila zinapotoka, na baadhi zimenitoa machozi. Ila kuna tabia moja imezishika, na nataka kuisema humu humu, mbele ya watu wanaonielewa. Insha huanza mzee akiwa mzima, anasimulia mambo ya visiwani. Mara anaanguka. Kuanzia hapo mwandishi anaomboleza maneno: majina ya samaki, ya miamba, ya nyota za kusafiria, nani atayajua tena? Mzee mwenyewe yuko hai, amelala chumba cha pili, na insha imeshamzika.

Nadhani tumeathiriwa na ule msemo wa Amadou Hampâté Bâ wa Mali. Alisema UNESCO mwaka 1960 kwamba mzee akifa Afrika ni kama maktaba imeungua. Msemo wenyewe ni mzuri. Alikuwa akitetea elimu ya mdomo mbele ya watu walioidharau. Lakini ukiuingiza katika nyumba yenye mgonjwa, unafanya kazi nyingine kabisa. Maktaba haisikii kiu. Maktaba haihitaji kugeuzwa ubavu saa nane za usiku. Na maktaba haikasiriki ukichukua kitu bila ruhusa.

Sisi Wabajuni tuna sababu zaidi ya kunaswa na msemo huu. Vita vya 1991 vilitutoa Koyama, Ngumi, Chovai, Chula na Kisimayu kwenyewe, tukaja Kenya kwa majahazi na maboti. Wengi tulipita kambi ya Jomvu, Mombasa, na wengine wakaendelea mbele hadi Ulaya. Kule Uingereza, Mbajuni anayeomba hifadhi huweza kuulizwa visiwa vimepangana vipi, na matamshi yake yakapimwa: je, anasema “mchu” pale ambapo Mswahili wa kusini anasema “mtu”? Yaani maneno ya bibi kwetu ni hati. Bibi akinyamaza ghafla, mjukuu anaona kama pasipoti imeanguka baharini. Hofu hiyo naielewa. Lakini ni hofu yetu sisi, si ya mgonjwa.

Bibi yangu ni mzaliwa wa Chula, na siku hizi anakaa Kisimayu na shangazi. Alilala mzima. Alfajiri mdomo ulikuwa umekwenda upande, mkono wa kulia hauinuki, na maneno hayatoki. Jirani mmoja akasema ni upepo, asomewe kwanza. Shangazi akasema atasomewa njiani, akamtafutia gari la hospitali. Kilikuwa kiharusi: mshipa wa damu kichwani umeziba au umepasuka, na kila saa inayopita inakula sehemu ya ubongo. Ukiumia upande wa kushoto, mara nyingi mkono wa kulia na maneno huondoka pamoja. Mtu anaweza kuelewa karibu yote unayomwambia na asipate neno la kukujibu.

Mimi niko Mombasa, hayo yote niliyapata kwa simu. Katika kundi la familia, kabla mtu hajauliza kama bibi anaweza kumeza, ilishaingia sauti ya ndugu mmoja: “Mrekodini, jamani, mrekodini haraka.” Aliyesema anampenda bibi, wallahi, sina shaka naye. Ndiyo maana sauti ile ilinikaa kichwani.

Wiki zile nilirudia kuusoma Utendi wa Mwana Kupona. Huo kwa kawaida tunaletewa kama mafunzo ya mwari. Alice Werner na William Hichens walipouchapisha mwaka 1934 waliuweka wajibu wa mke kwenye jina la kitabu, na tangu hapo wasomaji wamebishana kuhusu mume: anatukuzwa mno, au mama anamfunza binti ujanja wa kuishi? Ni mjadala wa haki. Lakini wanaobishana wengi hupita mbio mwanzoni, na mwanzoni ndipo pana mgonjwa.

Mwanamke pale anasema maradhi yamemshika hata mwaka umetimia, na muda wote huo hakupata kumwambia binti yake neno jema. Kisha anamwita akae karibu, aje na wino na karatasi. Nimeusoma tangu utotoni na sikuwahi kuusoma hivyo. Ule mwaka wa kimya haufichwi wala hauombewi radhi. Hakuna anayemvuta maneno. Binti anaitwa, na anayemwita ni mama. Wino aliuomba mwenyewe. Baada ya hapo ndiye anayepanga: lipi litangulie, lipi lirudiwe, lipi liachwe. Anasifika kwa nasaha, na kwangu nguvu ya utendi ule iko hapo, kwamba mwenye kuumwa bado ndiye mwenye nyumba.

Tena sehemu kubwa ya mwisho ni dua. Anawaombea wanawe, na anajiombea mwenyewe apone. Tumezoea kuuita wosia, kana kwamba alikuwa ameshakubali kwenda. Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, aliutunga mwaka 1858, na inasemekana alifariki kama mwaka 1860. Kwa hiyo kulikuwa na kama miaka miwili baada ya utendi. Aliishi ndani ya miaka hiyo, na insha zetu hazina nafasi ya miaka kama hiyo.

Mfano wa pili ni Ahmed Sheikh Nabhany, aliyezaliwa Lamu 1927 na kufariki 2017. Alilelewa na bibi yake, Amina Abubakar Sheikh, naye alikuwa mshairi. Elimu ya namna hiyo huchukuliwa kwa miaka ya kukaa pamoja, bibi akiwa na nguvu za kukataa, kucheka, na kukwambia hujui kitu, rudia. Ukimfuata siku alipopooza, nusu ya elimu hiyo, ile ya kukukosoa, huipati.

Utendi nao una upungufu, na sitaunyamazia. Binti anaambiwa awaridhishe watano: Mungu, Mtume, baba, mama na mume. Mama yumo. Lakini shairi halituonyeshi ni nani aliyekuwa akimwinua mama mwaka ule mzima, nani anamwosha, nani anakesha. Upungufu huu tumeurithi bila kupunguza hata kidogo. Mjukuu aliye mbali ndiye anayeandika, mwana wa kiume anatuma pesa na kutajwa kwa shukrani, na mwanamke aliyebaki na mgonjwa anapata mstari mmoja. Shangazi yangu hajaandika insha yoyote. Hana muda.

Baada ya wiki kadhaa neno la kwanza lilimrudia bibi: “mai”. Yule ndugu akaandika kwenye kundi kwamba hicho ndicho Kibajuni chenyewe, je, mmekirekodi? Shangazi akajibu: “Nimempa, kwa kijiko, kidogo kidogo.” Mgonjwa wa kiharusi anaweza kupaliwa na maji, ndiyo maana ya kijiko. Jibu lile lina elimu na lina adabu, na bado sijaona insha yetu inayolifikia.

Kwa hiyo nikisoma sasa insha ya mzee aliyeanguka nina maswali matatu. Mgonjwa mwenyewe ameomba nini? Anajua kwamba anaandikwa, hata kama jibu lake ni kubana mkono? Na nani anashika kijiko? Insha isiyo na jibu hata moja inaweza kuwa na Kiswahili kitamu na bado ikawa imemwibia mtu.

Rekoda zina kazi yake. Toleo lijalo ningependa mtu amrekodi shangazi wa namna hii, jioni moja akipata kupumzika, aseme mwenyewe siku inakwendaje: saa za dawa, uzito wa mwili, maneno anayoambiwa na mgonjwa kwa macho. Akikataa pia ni sawa. Aulizwe kwanza.