Mkwaruzo Uliokusudiwa: Kuisoma Sakiti ya Likembe ya Umeme

Albamu ya Congotronics ya kundi la Konono N°1 ilitolewa mwaka 2004 na Crammed Discs ya Brussels. Tangu hapo imeandikiwa mengi, na sehemu kubwa ya maandishi hayo hurudia hadithi moja: wanamuziki wa Kinshasa walitaka sauti safi, vifaa vyao vikawa duni, sauti ikakwaruza, nao wakalazimika kuizoea. Wachapishaji wenyewe waliitangaza hivyo, kwamba mikwaruzo haikutakiwa mwanzoni na kwamba kufanana kwake na roki ya majaribio kumetokea kwa bahati tu. Naipinga hadithi hiyo. Inamfanya fundi kuwa mtu aliyeangukiwa na jambo, ilhali sakiti aliyoijenga ndiyo iliyoamua mafungu ya muziki yawe mafupi, yarudiwe, na ngoma iingie kwa kazi gani. Sakiti hiyo inastahili kusomwa kwa makini yaleyale tunayoyapa mizani na vina vya shairi.

Likembe ni kisanduku cha mbao chenye ndimi za chuma zinazopigwa kwa dole gumba. Kwa Waluba, majirani zetu sisi watu wa Maniema mashariki mwa Kongo, huitwa kisanji. Kwa uchunguzi wa mtafiti wa muziki Gerhard Kubik, likembe ya kisanduku ilitokea Kongo ya chini katika karne ya 19, ikapanda mto pamoja na wapagazi na watumishi wa serikali ya kikoloni, hadi ikafika Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, ambako Waacholi wanaiita lukeme. Kiswahili nacho kilikuja Maniema kwa njia ya kinyume, kutoka pwani, pamoja na misafara iliyomfanya mfanyabiashara Tippu Tip aweke makao yake Kasongo. Chombo kikatoka magharibi, lugha ikatoka mashariki. Kwa hiyo msomaji wa Kasongo au Kabambare ana haki kamili ya kuijadili likembe kwa Kiswahili, bila kuomba ruhusa Kinshasa wala Brussels.

Mawangu Mingiedi, mwanzilishi wa Konono N°1, aliyefariki mwaka 2015, alikuwa Mzombo, kutoka eneo linalopakana na Angola. Likembe yake ya mbao isingesikika katika mtaa wa Kinshasa wenye magari na umati. Suluhisho lake linajulikana: sumaku kutoka vipuri vya magari mabovu, waya mwembamba wa shaba ukazungushwa juu yake kuwa koili, kinasa hicho kikawekwa karibu na ndimi, na sauti ikapelekwa kwenye ampli na spika za pembe kubwa za tangu enzi za ukoloni, zile walizoziita lance-voix. Ulimi wa chuma ukitetemeka mbele ya sumaku, nguvu ya sumaku inayopita kwenye koili inabadilika, na umeme kidogo sana unazaliwa ndani ya waya. Ulimi wa shaba nyeupe usingefaa kitu hapo, kwa kuwa sumaku haiujui. Na idadi ya mizunguko ya waya ni uamuzi wa sauti: ukizungusha zaidi unapata umeme mwingi, lakini sauti nyembamba za juu zinafifia. Fundi anayekata waya baada ya mizunguko fulani ameshachagua rangi ya muziki kabla noti ya kwanza haijapigwa.

Hapa ndipo hadithi ya bahati inapoanza kuvuja. Uti wa sauti ya ulimi wa chuma ni wa ajabu. Uzi wa gitaa ukitetemeka, sauti yake mama huandamana na sauti za juu zilizopangika: mara mbili, mara tatu, mara nne. Ulimi ulioshikwa upande mmoja haufuati mpangilio huo. Kwa ulimi ulio sawa unene mzima, sauti ya pili huwa takriban mara 6.27 ya sauti mama, na ya tatu mara 17.5. Katikati hapo pana uwazi mkubwa. Ndiyo maana likembe isiyo na umeme husikika laini na ya mviringo, ikiwa na mlio mdogo wa chuma mwanzoni unaopotea upesi. Mafundi wa zamani waliliona pengo hilo kwa masikio yao, wakaweka vipete vya waya kwenye ndimi ili vingurume na kuijaza sauti. Mngurumo katika vyombo vya namna hii, kuanzia kwetu hadi mbira ya Zimbabwe, ni sehemu ya chombo, na anayeuondoa amekipunguza.

Sasa tazama ampli inapofanya kazi kupita uwezo wake. Umeme wa ugavi una kikomo. Wimbi likitaka kupanda kupita kikomo hicho, kilele chake hukatwa na kuwa bapa. Wimbi lililokatwa sawasawa juu na chini huzaa sauti mpya za mara tatu, mara tano, mara saba ya sauti mama. Zihesabu uone: mbili za kwanza zinaingia moja kwa moja katika lile pengo kati ya 1 na 6.27. Ampli inayokwaruza inafanya kazi ileile ya vipete vya waya, tena kwa nguvu ya kufika mwisho wa mtaa. Sikioni mwangu huo ni mwendelezo wa desturi kwa vifaa vipya, na sioni jinsi mtu aliyelelewa na likembe angeusikia kama hitilafu ya kuondolewa. Huenda siku ya kwanza haukutafutwa. Lakini kuna rekodi ya kundi hili ya mwaka 1978, iliyotolewa na Ocora ya Ufaransa katika mkusanyiko wa muziki wa mijini wa Kinshasa, na mkwaruzo umo tayari. Mtayarishaji Vincent Kenis aliporekodi Congotronics, robo karne ilikuwa imepita, na mkwaruzo ulikuwa bado umo. Kitu kinacholindwa muda wote huo kimeshakuwa mtindo.

Mabadiliko ya sakiti hayatoi tu, huchukua pia, na mhakiki mwaminifu aseme kilichopotea. Kisanduku cha likembe kina tundu dogo ambalo mpigaji huliziba na kulizibua kwa kidole, na sauti ikayumba kama mtu anayefungua na kufunga mdomo. Kinasa cha sumaku hakisikii hewa ya ndani ya kisanduku; kinasikia chuma tu. Kwa hiyo tundu limepoteza kazi. La pili lililopotea ni zito zaidi: tofauti ya kupiga kwa upole na kupiga kwa nguvu. Wimbi likishakatwa kilele, dole gumba likizidisha nguvu halipati sauti kubwa zaidi, linapata tu mkato mpana zaidi. Noti inayofifia nayo haifi kwa mteremko wa kawaida. Inakaa palepale kwa muda, kisha inaanguka.

Umbo la muziki wa Konono N°1 linatokana na hasara hiyo ya pili, na hapo ndipo naona ukubwa wa kazi ya Mingiedi. Ikiwa mpigaji hawezi tena kujenga msisimko kwa kukuza na kupunguza sauti, atajenga kwa nini? Atajenga kwa kuingiza na kuondoa. Likembe ziko tatu: ya besi, ya kati, ya juu. Kila moja ina fungu fupi la noti linalozunguka, na mzunguko ukibadilika, hubadilika kwa noti moja au mbili, sikio likashtuka kwa sababu nguvu ya sauti haikubadilika hata kidogo. Filimbi ya mdomoni na vyuma vya kugonga vinapewa kazi ya kuweka alama: hapa tumeanza, hapa tunageuka. Waimbaji huitana na kuitikiana juu ya ukuta wa sauti usioyumba. Mungua-Muanga, kipande cha mwaka 1978, kinapita dakika 20 bila kuchosha, na siri yake ni kwamba kimekubali sharti la sakiti na kuligeuza kuwa mpango. Katika Congotronics, Kule Kule inafungua albamu na kurudi tena katikati. Albamu nzima imepangwa kama kipande kimoja kimoja kilivyopangwa ndani, kwa mzunguko.

Wajenzi wa sinthesaiza za moduli, ambao siku hizi wako Ulaya, Marekani na hata Kampala, wanayajua maamuzi haya kwa jina la kubadili sakiti. Mfumo wa Eurorack uliotokana na Dieter Doepfer wa Ujerumani katika miaka ya 1990 huuzwa pia kama vipuri: ubao, rezista, kapasita, chipu, nawe unalehemu mwenyewe. Chukua hatua ya kukuza sauti yenye rezista mbili, ya marejeo ikiwa 100k na ya pili 10k. Ukuzaji wake ni 1 + 100/10, yaani mara 11. Volti nusu inatoka ikiwa volti 5.5, safi kabisa. Toa ile ya 10k, weka 1k. Ukuzaji unakuwa mara 101, volti nusu inataka kuwa volti 50.5, lakini ugavi ni volti 12 chanya na 12 hasi, basi wimbi linakatwa kabla halijafika 12. Rezista moja imebadilishwa, na moduli iliyokuwa mtumishi wa kukuza sauti imekuwa chombo chenye tabia yake. Ukiweka potensiometa badala ya rezista hiyo, utaweza kutembea kati ya tabia hizo mbili huku unapiga.

Unaweza pia kuchagua nani akate. Diodi mbili zikielekezwa kinyume, kila moja upande wake, hukata wimbi: za silikoni karibu na volti 0.6, za gemaniamu karibu na 0.3 na kwa ulaini zaidi, za taa ndogo nyekundu (LED) karibu na 1.8. Redio za zamani zilikuwa na diodi ya gemaniamu kwenye sehemu ya kuchambua mawimbi. Fundi wa redio ambaye bado anaweka mabaki ya redio hizo kwenye kopo ana hazina ambayo wajenzi wa Ulaya wanaagiza kwa bei ghali.

Kwa anayetaka kujenga Kasongo au Kabambare, mabadiliko ya kwanza ni ya umeme wenyewe. Moduli hizi zinataka ugavi wa pande mbili, na nyumbani kuna betri ya sola ya volti 12 tu. Chukua betri mbili zinazofanana, ziunge kwa mfuatano, na mahali zinapokutana paite sifuri: upande mmoja una chanya 12, wa pili hasi 12. Weka fyuzi kila upande, karibu na betri. Kama upande mmoja unalisha mzigo mkubwa kuliko mwingine, betri yake itaisha mapema, na mkato wa wimbi utaacha kuwa sawasawa. Zitaanza kuingia sauti za mara mbili na mara nne, na mlio utabadilika usiku unavyoendelea. Wengine watalirekebisha hilo. Mimi ningemshauri mpigaji alisikilize kwanza, kwa kuwa betri inayochoka tayari imeanza kubadilisha umbo la kipande.

Hukumu yangu juu ya Congotronics ni kwamba ni kazi ya watu waliojua walichokishika, na kwamba uhakiki wake utabaki nusu hadi tutakapoijadili koili pamoja na wimbo. Nawaomba wahakiki wenzangu wamuulize fundi maswali tunayomuuliza mtunzi: kwa nini mizunguko hii, kwa nini diodi hizi, ulitoa nini. Nanyi mafundi wa Kasongo na Kabambare, kabla ya kung'oa rezista, andikeni thamani yake ya zamani na ile mpya kwenye karatasi, mwibandike ndani ya kisanduku, na mtie sahihi zenu.