Mate Yasiyokauka: Tamati ya Filamu ya Xala

Wahakiki wamezoea kuielezea hofu ya mtazamaji wa filamu kwa kutaja damu. Mfano unaorudiwa mno ni tukio la bafuni katika Psycho ya Alfred Hitchcock (1960), ambamo picha hubadilishwa kwa kasi hata mtazamaji akaamini kuwa amekiona kisu kikizama mwilini. Tukio linaloshughulikiwa na makala haya halina kisu wala damu. Ni tamati ya Xala, filamu aliyoiongoza Ousmane Sembène mwaka 1975 kutokana na riwaya yake mwenyewe ya 1973. Tunadai kwamba tamati hiyo haimtoki mtazamaji kwa sababu inamnyima hitimisho, na kwamba katika jambo hili filamu imeipiku riwaya.

El Hadji Abdou Kader Beye, mfanyabiashara tajiri wa Dakar, anaoa mke wa tatu na usiku wa arusi anagundua kuwa nguvu za kiume zimemtoka. Anahangaika kwa waganga, mali inamponyoka, wafanyabiashara wenziwe wanamtimua. Hatimaye ombaomba, wale wale waliozolewa mjini na polisi na kutupwa mbali, wanaingia nyumbani kwa mkewe wa kwanza, Adja Awa Astou. Kipofu mmoja anafichua kuwa ndiye aliyemroga, kwa kuwa El Hadji aliupokonya ukoo wake ardhi kwa hila. Dawa ni moja tu: avue nguo na atemewe mate na ombaomba hao, mbele ya mkewe na bintiye Rama.

Mate haya hayazuki ghafla. Mapema katika filamu tumeona maji ya chupa ya Evian, yaliyoletwa kutoka Ufaransa, ambayo hata gari la El Hadji linahudumiwa kwayo. Rama anayakataa ofisini mwa babake. Kwa hiyo mtu aliyedharau maji ya nchi yake anaishia kulowa majimaji ya vinywa vya watu wake. Sembène halisemi hili kwa maneno, na ni heri hakulisema.

Mate yenyewe yana maana mbili, na hapa ndipo penye uzito. Kutemea mtu mate ni tusi kubwa. Hata hivyo, msomaji wa Kenya anajua kuwa miongoni mwa Wamaasai, mathalan, mzee humtemea mtu mate kwa kumbariki. Katika Xala tusi na tiba vimefumbatana katika tendo moja. Isitoshe, El Hadji anatwikwa taji la bibi arusi. Hii basi ni arusi yake ya nne, na bibi arusi ni yeye mwenyewe. Je, anapona? Hatuambiwi.

Riwaya inafunga kwa kututoa nje, ambako polisi wanainua bunduki zao. Msomaji anapewa adui mpya, na mwili wa El Hadji unasahaulika kidogo. Filamu haitupi nafuu hiyo. Picha inagandishwa juu ya mwili uliotapakaa mate, ilhali sauti ya kutema inaendelea kusikika. Aristotle alitarajia tanzia imtakase mtazamaji kwa huruma na hofu. Hapa huruma inaanza, lakini haipewi mahali pa kuishia.

Wapo watakaodai kwamba tukio hili ni udhalilishaji mtupu uliovishwa joho la siasa. Hoja hiyo haipuuziki, maana Awa, ambaye hakumpokonya mtu yeyote shamba, analazimika kutazama. Lakini machozi yake na ya Rama ndiyo yanayotuzuia kushangilia. Tungeachwa na ombaomba na tajiri pekee, tungecheka. Wanawake hawa wawili wanaponyamaza na kulia, kicheko kinatukwama kooni, na kwenye ukimya wao sauti ya kutema inasikika wazi zaidi.