Uuguzi wa aliyevuja damu ubongoni: kazi ya kila saa 2 katika wodi ya Bunia

Damu inapovuja ubongoni, madhara huja mara mbili. Kwanza mshipa hupasuka, mara nyingi kwa presha iliyokaa miaka bila kutibiwa. Hilo hospitali haiwezi kulitengua. Kisha hufuata mengine: donge la damu kukua, ubongo kuvimba, homa, sukari kupanda, chakula kuingia mapafuni, vidonda vya kulalia. Haya yanazuilika, na mzuiaji mkuu ni muuguzi. Bunia, ambako mgonjwa hulazwa akiwa na ndugu wa kumlinda, yule aitwaye garde-malade, kazi hiyo ni ya watu wawili.

Saa za mwanzo ni za presha. Jaribio lililochapishwa mwaka 2023, lenye wagonjwa zaidi ya 7,000 katika nchi 10, lilionyesha kwamba kushusha namba ya juu ya presha hadi chini ya 140 ndani ya saa 1, pamoja na kudhibiti sukari, homa na athari za dawa zinazozuia damu kuganda, huwapa wagonjwa nafuu kubwa zaidi. Kwa hiyo muuguzi hupima mara kwa mara huku dawa ikiingia, na presha ikikaribia 130 humwita daktari ili isishuke kupita kiasi. Kichwa cha kitanda huinuliwa nyuzi 30 na shingo hunyooshwa, ili damu irudi moyoni bila kizuizi.

Fahamu hupimwa kwa kipimo cha Glasgow, kilichobuniwa mwaka 1974 na Graham Teasdale na Bryan Jennett. Macho hupewa hadi alama 4, usemi 5, mwendo wa viungo 6. Jumla ni kati ya 3 na 15. Alama zikishuka kwa 2, au mboni moja ikipanuka kuliko nyingine, daktari huitwa papo hapo. Katika jimbo la Ituri, uliko mji wa Bunia, kipimo hiki kina mtego wa lugha. Bibi aliyezoea Kilendu, Kihema au Kialur anaweza kushindwa kutii amri ya Kiswahili au Kifaransa ilhali fahamu zake ni timamu. Garde-malade ndiye wa kumwambia “inua mkono” kwa lugha ya nyumbani, na lugha hiyo huandikwa kwenye fomu ili wa zamu ya usiku apime vilevile.

Nguvu ya uuguzi peke yake ilipimwa Australia, katika wodi 19 za kiharusi za jimbo la New South Wales. Wauguzi wa baadhi ya wodi walifundishwa utaratibu wa mambo matatu: homa, sukari na kumeza. Matokeo yalitoka mwaka 2011. Baada ya siku 90, waliokufa au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 42 katika wodi hizo, na asilimia 58 katika nyingine. Vifaa vyake ni kipimajoto, kipima sukari cha tone la kidoleni, parasetamoli na kijiko. Bunia huongezwa kipimo cha malaria kila joto linapofika nyuzi 37.5, kwa kuwa homa itokanayo na ubongo na homa ya mbu hazitofautishwi kwa macho.

Kijiko ndicho cha kupimia kumeza. Tuseme shangazi wa mgonjwa amefika na chupa ya uji. Kabla haujamiminwa, mgonjwa hukalishwa wima, muuguzi huweka vidole kooni na kumpa kijiko kimoja cha maji. Koo likipanda na kushuka, sauti ikabaki safi, majaribio huendelea. Akikohoa, au sauti ikawa kama ya mtu mwenye maji kooni, hapewi chochote kwa mdomo. Hulishwa kwa mpira wa puani. Shangazi akishuhudia mwenyewe, hatamlisha kwa huruma usiku. Anayefaulu huanza na uji mzito. Bugali na sombe husubiri.

Kila saa 2 mgonjwa hugeuzwa. Kitenge kilichokunjwa hutandikwa chini ya makalio, watu wawili hunyanyua pamoja bila kumburuta, kisha visigino na mfupa wa mkia hukaguliwa. Mkono uliopooza hauvutwi, maana bega huchomoka. Huegemezwa kwenye mto. Soksi za kubana hazifai: jaribio la mwaka 2009 lilionyesha kwamba hazizuii damu kuganda miguuni na huchubua ngozi. Kumsimamisha nako kuna kiasi: utafiti wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba mazoezi mengi ndani ya saa 24 za kwanza hudhuru. Huanzwa baadaye, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku.

Uuguzi wa namna hii hubebwa na watu kuliko vifaa. Hospitali ya Nyankunde, kusini magharibi mwa Bunia, ilipovamiwa na kuporwa Septemba 2002, waliosalimika walikimbia kwa miguu hadi Oicha. Huduma zikafufuliwa huko, na pia Beni na Bunia.

Siku ya kuruhusiwa, garde-malade humgeuza mgonjwa, humlisha na kumvusha kitini mbele ya muuguzi, naye husahihishwa. Hupewa pia ratiba ya dawa za presha, ambazo haziachwi hata mgonjwa akijisikia mzima, na dalili za kumrudisha hospitali: kichwa kuuma ghafla, kutapika, usingizi usioamshika.