Mgeni wa Siku Tatu Katika Vyuo Vyetu

Ndugu msomaji, sisi watu wa pwani tunaijua vyema adabu ya kupokea mgeni. Ikiletwa khabari kuwa mgeni yu njiani, baraza hufagiliwa, vikombe vya kabatini hutolewa, na watoto huambiwa watulie. Hapana ubaya. Lakini lau mgeni huyo amekuja khasa kuangalia vipi tunaishi, jee, atakuwa ameiona nyumba yetu, au ameona usafi wa siku moja tu?

Nakuuliza suali hili kwa sababu ya vyuo vikuu. Kisiwa chetu cha Unguja hakikuwa na chuo kikuu chake mpaka mwaka 1998, vilipofunguliwa cha Chukwani na cha Tunguu. Kikafuata Chuo Kikuu cha Taifa, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kusomesha mwaka 2001, na mwaka 2023 hata IIT Madras ya Bara Hindi ilifungua tawi Bweleo. Neema kubwa hii kwa wazazi ambao zamani walimsindikiza kijana Makerere wasijue watamuona lini. Na kwa kuwa elimu ya juu imo katika mambo ya Muungano, vyuo hivi vinasimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania iliyoundwa mwaka 2005.

Utaratibu wenyewe ni huu. Chuo kwanza hujitathmini chenyewe na kuandika ripoti. Kisha huja wakaguzi kutoka nje, aghlabu walimu wa vyuo vingine, wakakaa siku chache. Huangalia mitaala, vyeti vya walimu, maktaba, maabara na karatasi za mitihani zilizosahihishwa; huzungumza na wanafunzi; kisha huandika ripoti yao. Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki, lililozaliwa mwaka 1980 na lenye makao Kampala, limeutia utaratibu huu katika vitabu vya muongozo kwa msaada wa Wajerumani.

Wapo wanaosema kuwa haya ya kukaguliwa na watu wa nje ni mambo ya Kizungu. Hawakusema kweli. Masheikh zetu hawakujipa ijaza wenyewe. Sheikh Abdallah Bakathir, aliyefariki mwaka 1925 na ambaye madrasa yake ya Ukutani inajulikana na kila mtu wa Mji Mkongwe, alisafiri mpaka Makka na Hadhramaut kutafuta ilimu. Mtu alipotaja alichosoma, aliulizwa kasoma kwa nani, na huyo naye kasoma kwa nani. Hayo ndiyo yalikuwa mizani.

Tofauti ni kuwa aliyetoa ijaza alikaa na mwanafunzi miaka, akamjua asomavyo na asemavyo. Mkaguzi wetu wa leo anakaa siku tatu, kisha anawahi boti. Mimi mwenyewe niliwahi kuwapo siku ya ugeni kama huo, katika chuo ambacho sitakitaja. Kuta zilikuwa zinanuka rangi mbichi. Vitabu vilipangwa vizuri rafuni, na vingine bado vilikuwa na karatasi zao za nailoni. Wanafunzi sita walichaguliwa kuzungumza na wageni, nao walishukuru sana. Hakuna aliyesema kuwa somo moja lilikaa muhula mzima bila ya mwalimu. Siwalaumu vijana wale. Nani atasema ya nyumbani mbele ya wageni, na mwenye nyumba amesimama mlangoni?

Hata hivyo usidhani ukaguzi hauna meno. Mwaka 2016 Tume ilifuta vibali vya kampasi za Songea na Arusha za Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yosefu, na wanafunzi wakahamishiwa vyuo vingine. Mwaka 2017 vyuo 19 vilizuiwa kupokea wanafunzi wapya, na vyengine 22 vikazuiwa katika kozi 75. Lakini fikiria mama wa Jambiani anayelipa ada kwa fedha za mwani. Khabari kama hizi humfikia kwa redio, fedha zikiwa zimekwishalipwa. Ripoti ilioonesha ufa miaka miwili nyuma imo kabatini mwa wakubwa, nayo kwa Kiingereza.

Na sisi wazazi hatumo katika lawama? Kijana akija kuposa, tunauliza mtaani, tunauliza msikitini, tunataka kujua babu yake, deni lake na marafiki zake. Binti huyo huyo tunampeleka chuoni miaka mitatu kwa kuuliza ada ni kiasi gani na dakhalia iko wapi, basi.

Ukienda kumuandikisha mwanao, taka kujua kozi hiyo ina ithibati mpaka mwaka gani. Uliza wakaguzi wa mwisho walikuja lini, waliona kasoro gani, na ipi iliyokwisha kurekebishwa. Uliza walimu wangapi ni wa chuo chenyewe, na wangapi wanakuja kwa saa na kuondoka. Kisha watafute wahitimu wawili watatu wa mwaka uliopita uwaulize hayo hayo. Jioni utawakuta Forodhani, na hao hakuna aliyewafundisha la kusema.